Kochi la Kijani Juu ya Barafu

11 Januari

Nimefika. Begi lenye masweta limepotelea njiani, na nje ni kweupe kwa theluji mpaka macho yanauma. Mwenzangu wa chumbani anaitwa Corinne. Alinikuta mlangoni nimevua viatu, nimevishika mkononi, nangoja mtu aniambie niingie.

"Hapa si msikitini, dada. Ingia na matope yako."

Kisha akaona soksi zangu zilivyolowa, akavua viatu vyake mwenyewe na kuvitupa chini ya kitanda. "Haya. Kuanzia leo chumba hiki hakikanyagwi na kiatu."

Ana samaki mmoja kwenye bakuli la kioo, mwekundu, mapezi kama kitambaa kilichochanika. Nimemtambua. Kule Nan, kaskazini mwa Thailand, watoto wa jirani walikuwa wakiwafuga wa namna hiyo na kuwapiganisha. Corinne anamwita Jenerali.

12 Januari

Leo watu wengi wameniuliza "vipi, mzima?" na wote wamepita kabla sijafungua mdomo. Kule nilikokulia mtu akikutana nawe anakuuliza kama umekula, halafu anasubiri. Ukisema bado, umekwisha, utavutwa mpaka mezani.

13 Januari

Nilikwenda kwenye mkutano wa wanafunzi kutoka nje ya nchi. Mama mmoja mpole mlangoni alitazama pasipoti yangu, akatazama nywele zangu za kizungu, nyeupe kama za bibi yangu wa Minnesota, akacheka. "Umekosea ukumbi, mpenzi. Wewe ni wa hapa."

Nilitaka kumwambia kwamba nilipelekwa Nan nikiwa mgongoni kwa mama, alipokwenda kufanya kazi zahanati, kwamba shule nilisoma kwa Kithai asubuhi na Kiingereza mchana, kwamba sijui jinsi ya kutumia mashine ya kufulia. Nikasema asante, nikaondoka. Mwenye sura ya kigeni anaelekezwa. Mimi nikikosea na uso huu wa wenyeji, watu wananiona mjinga tu.

16 Januari

Vijana wa bweni letu wamekokota kochi la kijani mpaka katikati ya ziwa lililoganda mbele ya bweni na kuliacha huko. Ndiyo desturi yao kila mwaka. Kila mtu anachagua siku ambayo barafu itavunjika na kochi kuzama, na atakayepatia anapata chumba cha kona mwaka ujao, kile chenye madirisha mawili. Wamelifunga kamba ndefu mpaka kwenye mti ufukweni ili baadaye walivute. Zamani chuo kiliwagombeza kwa kuchafua maji.

Msimamizi wa mchezo ni Wyatt wa ghorofa ya chini, mwaka wa pili, ndevu tatu na kelele nyingi. Alikuja chumbani na kalenda.

"Mgeni, siku gani?"

Sikujua barafu huvunjika lini. Nikasema tarehe ya kuzaliwa ya mama, mwanzoni mwa Aprili.

"Corinne?"

"Niache."

"Acha hizo, bwana. Wewe ndiye uliyechagua hili kochi dukani, ukaimba juu yake njia nzima. Leo hutaki?"

"Sitakuwepo kuliona likizama."

"Unahama chuo?"

Corinne alimrushia soksi. Wyatt akacheka, akaenda chumba cha pili. Mimi pia nilicheka, kwa sababu walikuwa wanacheka.

20 Januari

Corinne amenipa mabuti yake. Yana manyoya ndani. Nilikataa kama inavyotakiwa, akasisitiza kama inavyotakiwa, nikapokea kwa mikono miwili. Jioni nikampa paketi ya maembe makavu aliyonifungia mama. Nilifurahi mno. Nimepata rafiki, na taratibu ni zilezile za nyumbani.

21 Januari

Baridi. Nimejifunza mashine ya kufulia.

25 Januari

Corinne amenifundisha kutembea juu ya barafu. Nilikwama ufukweni. Chini yetu ziwa lilitoa mlio mrefu kama wa mnyama aliyefungiwa, nikamshika mkono kwa nguvu.

"Hiyo inakua, Lin. Ikilia ujue ni nene, inajinyoosha. Ikinyamaza ndiyo uogope."

"Na ikivunjika?"

"Ikivunjika usisimame. Lala kifudifudi kama mjusi, tambaa ulikotokea. Tulifundishwa tangu chekechea. Nyinyi mlifundishwa nini?"

"Nyoka."

Alicheka mpaka akakaa chini. Tukafika kwenye kochi, tukaketi kama watu wanaotazama televisheni. Nikamuuliza kama amekula. Ninamuuliza kila siku, mdomo umezoea.

"Wewe ni kama nyanya yangu," akasema. "Hakuna mwingine anayeniuliza hivyo." Hakuniambia kama amekula.

2 Februari

Koti lake. Lile la bluu, zito. Nikamwambia, "Na wewe utavaa nini?" Akasema yeye ni mtu wa huku, haoni baridi. Nimempa mfuko uliofumwa na wanawake wa kwetu. Aliutundika juu ya kitanda chake, na ndani hakutia kitu.

5 Februari

Mwezi uliopita Wyatt aliniambia, "Tutakula pamoja siku moja." Leo nikamuuliza siku ipi. Alinitazama kama niliyemdai. Baadaye Corinne akanieleza: huku ukiambiwa siku moja, hakuna siku.

"Sasa wanasema kwa nini?"

"Ili waondoke vizuri."

9 Februari

Mvua ya barafu. Darasa la kemia limeahirishwa. Corinne amelala mchana kutwa.

13 Februari

Nimeingia sebule ya bweni nikamkuta Wyatt na gitaa la Corinne.

"Amenipa, bure kabisa. Unajua bei ya kitu hiki?" Alikuwa na furaha ya mtoto.

Nilimuuliza kama zamani alikuwa hivi, mkarimu hivi. Mimi simjui Corinne wa Agosti. Wyatt akafikiri. "Agosti alikuwa kichaa, kichaa kizuri. Alitufanya tucheke mpaka msimamizi wa bweni akaja. Siku hizi kapoa. Muhula wa pili watu hupoa, yuko sawa tu."

Kila mtu hapa yuko sawa tu. Ni jibu na ni mlango unaofungwa.

14 Februari

Corinne amekwenda kukaa kwenye kochi peke yake tangu saa nane mchana. Namwona kutoka dirishani, kitu kidogo cheusi juu ya kijani. Hana koti. Koti ninalo mimi. Nilishuka mpaka ufukweni nimelivaa, nikaona aibu, nikarudi.

19 Februari

Vilevile. Kochi, yeye.

24 Februari

Blanketi alilofumiwa na nyanya yake. Safari hii sikukataa mara ya pili, kwa sababu alilikunja akaliweka miguuni pangu na kutoka. Sina tena cha kumrudishia. Nimebakiwa na picha ya mto wetu wa Nan wakati wa mafuriko. Nikaibandika upande wake wa ukuta. Usiku sikulitumia blanketi. Lilikuwa na harufu yake, nikahisi kama nimelala kwenye kitanda cha mtu asiyekuwepo, na yeye alikuwa palepale, hatua mbili kutoka kwangu, akiikodolea macho dari.

28 Februari

Janelle, mkuu wa ghorofa yetu, wa mwaka wa tatu, ameona mabuti miguuni kwangu.

"Hayo si ya Corinne?"

"Amenipa."

"Bahati yako, mdogo wangu. Mimi alinipa birika lake la kahawa. Ana roho nzuri yule." Akapanda ngazi akipiga mluzi.

Nikabaki nimesimama. Birika sikujua. Rafu yake niliiona tupu nikadhani amesafisha.

3 Machi

Jua. Matone yanadondoka paa zima. Wyatt huinua kamba kila Jumapili ili isigandie kwenye barafu. Leo alirudi suruali imelowa mpaka magotini. Ufukweni maafisa wa usalama wa chuo wamechomeka bendera nyekundu.

6 Machi

Ziwa halijalia leo. Nilisimama dirishani makusudi kulisikiliza. Limekuwa la kijivu, lina madoa kama ngozi ya mgonjwa.

Corinne pia haongei. Nikimuuliza kama amekula anatikisa kichwa, na sijui ni ndiyo au hapana.

9 Machi

Nimeongea na mama. Kule kwao ni asubuhi, jogoo wanasikika kwenye simu.

"Fon, mwanangu, Yai Kham ametutoka. Wamemaliza matanga jana."

Fon ni jina waliloniita majirani, maana yake mvua. Yai Kham, bibi kizee wa nyumba ya jirani, ndiye aliyeanza kuniita hivyo. Nililia kidogo, kimya, maana Corinne alikuwa kitandani.

"Binti zake wametugawia vitu vyake," mama akasema. "Blanketi kwa fulani, sufuria kwa fulani. Mimi nimepewa kinu. Nimekipokea kwa mikono miwili, lakini kizito, Fon. Kitu cha marehemu ni kizito."

"Ndiyo, mama."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Na huyo mwenzako?"

Nikasema sijui. Mama akasema ameitwa zahanati.

11 Machi

Amenipa Jenerali.

Nilitoka kuoga nikakuta bakuli mezani kwangu, na chakula chake kando. Corinne alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Anakula asubuhi, punje chache tu. Usimzidishie, atavimba."

"Kwa nini unanipa?"

"Wewe unamjua samaki huyu. Kwenu ndiko kwao."

"Corinne, wewe unampenda."

"Ndiyo maana."

Akatoka. Nilikaa kitandani na taulo kichwani. Kila nilichopewa nilikiona mahali pake: mabuti mlangoni, koti kwenye ndoano, blanketi miguuni, samaki anazunguka. Nikalikumbuka gitaa. Nikalikumbuka birika. Wyatt ana kimoja, Janelle ana kimoja, kila mmoja anajiona mwenye bahati. Mimi peke yangu nimeviona vyote. Na kinu cha Yai Kham kikaja chenyewe, kikakaa katikati ya vitu hivyo.

Kwetu vitu hivi hugawiwa baada ya maziko, na watoto wa marehemu. Corinne hakungoja watoto. Anagawa mwenyewe.

12 Machi

Naandika haya kwa aibu. Jana nilikwenda mpaka mlango wa Janelle. Ndani kulikuwa na watu, wanacheka. Nilikuwa nimeinua mkono kubisha. Kwetu kuna neno kwa hali hiyo, krengjai, moyo unaoogopa kumsumbua mtu. Tunafundishwa tangu utotoni kwamba ni heshima. Nikajiambia, nitaingiaje na kusema jambo kama hilo mbele za watu? Na kama nimekosea, kama nilivyokosea mashine, ukumbi, chakula cha Wyatt? Nitakuwa nimemvunjia Corinne heshima bweni zima.

Nikarudi. Usiku kucha nilisikiliza pumzi zake.

Leo asubuhi nimemuuliza kama amekula. Akasema, "Lin, wewe ni mtu mwema." Haikuwa jibu. Nitamwambia Janelle leo, baada ya kemia.

13 Machi

Sikumwambia jana. Janelle hakuwepo, nami nikashukuru kwamba hakuwepo. Hilo nalo naliandika.

Leo darasa lilikwisha kabla ya saa sita. Kuna joto, watu wamevaa fulana. Nilipofungua mlango nilikuta kitanda cha Corinne kimetandikwa. Hakijawahi kutandikwa tangu nifike. Simu yake ilikuwa juu ya mto, katikati kabisa, imezimwa. Nikaenda dirishani. Nilikuwa najua kabla sijafika.

Kitu kidogo cheusi juu ya kijani.

Nilinyakua koti lake kwenye ndoano, nikakimbia na soksi. Kwenye ngazi nikapiga namba ya dharura, na sauti yangu, ile ambayo walimu wote wa hapa wananiambia niipandishe, ilitoka kubwa nikaiogopa. "Kuna mtu ziwani. Anataka kufa. Barafu imeoza. Njooni." Mwanamke wa upande wa pili akaniuliza jina la bweni, akaniambia nisipande barafuni kwa vyovyote, niendelee kumsemesha.

Wyatt alikuwa anarusha sahani ya plastiki ya kuchezea kwenye nyasi. Nikamvuta shati. "Kamba," nikasema. Aliangalia ziwa, uso wake ukabadilika, tukakimbia wote.

Kati ya ufukwe na barafu palikuwa na maji tayari, upana wa mlango. Corinne alikuwa amekaa ametugeuzia mgongo. Kochi limeinama upande mmoja.

"Corinne."

Hakugeuka.

"Corinne, umekula?"

Mabega yake yakatikisika. Sijui alicheka au alilia. "Nenda darasani, Lin."

"Limekwisha."

"Basi nenda ukamlishe Jenerali."

"Si wangu."

"Nimekupa."

"Sikupokea. Nilikuwa naoga."

Wyatt alikuwa ameinua kamba, ananinong'oneza, "Mwambie ashike. Mwambie ashike, jamani."

Huku watu hawaulizi kwa sababu wanaheshimu faragha. Kwetu hawaulizi kwa sababu wanaheshimu uso wa mtu. Nimelelewa na pande zote mbili na zote mbili zimenifundisha kunyamaza. Nikauliza.

"Unataka kufa?"

Aligeuka. Kwa mbali ule uso ulikuwa mdogo sana. "Sijui," akasema. "Nimechoka tu. Nimechoka tangu Novemba. Hakuna aliyeuliza."

"Mimi nauliza. Nimechelewa. Samahani, nilikuwa naona kila kitu na sikujua ninachokiona."

Kochi likashuka kidogo. Hakuna mlio. Lilishuka tu, kama mtu anayeketi, na maji yakapanda miguuni kwake. Akainua miguu haraka. Nikaliona hilo. Aliinua miguu.

"Shika kamba," nikasema. "Lala kifudifudi kama mjusi. Tambaa ulikotokea. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Lin, haitanibeba."

"Tambaa."

Alilala. Alizungusha kamba mkononi, na Wyatt na mimi tukavuta, polepole, kwa sababu tulipovuta haraka barafu ilikatika chini ya kifua chake na akaingia maji mpaka kwapani. Hapo alipiga kelele. Ni kelele nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia, ya mtu anayeogopa. Maafisa wa usalama walifika na ngazi wakailaza juu ya barafu, na mmoja wao akamvuta kwa kola.

Nilimvika koti lake la bluu. Midomo ilikuwa imepauka kabisa. Alinitazama na kusema, "Umewaita."

"Ndiyo."

"Hukuwa na haki."

Wakamchukua.

14 Machi

Janelle amekaa kitandani kwangu, birika mapajani. Analia waziwazi, kama walivyo huku.

"Agosti tulifundishwa wote. Saa nzima, kwenye ukumbi. Dalili za kuangalia. Mtu akianza kugawa vitu anavyovipenda. Niliandika kabisa, Lin. Halafu akanipa birika, nikasema asante."

Mimi sikuwepo Agosti. Nikamuuliza kama amekula, akasema bado, tukashuka.

17 Machi

Mama yake Corinne amekuja kuchukua vitu. Mwanamke mrefu, hajachana nywele, anaishi mwendo wa saa nne kutoka hapa. Corinne bado yuko hospitali ya mji. Anapumzika, anaongea na watu wanaojua kuongea. Hataki kuniona.

Nilivirudisha vyote. Mabuti, blanketi, koti nililoletewa na wale maafisa. Wyatt akaleta gitaa, Janelle birika. Tulivibeba mpaka garini, na mama yake akawa anavihesabu kwa macho, uso ukizidi kuwa mzito kila kimoja kilipoingia.

"Vyote hivi alikuwa amewapa?"

"Ndiyo, mama."

"Na mlikuwa mnavaa." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma.

"Ndiyo, mama. Mimi nilikuwa navaa."

Alinishika shavu kwa mkono baridi, akakiacha hapo kiganja muda. Kisha akatazama bakuli mikononi mwangu. Hospitali hawaruhusu samaki, akasema, na nyumbani kuna paka.

"Mwambie namlelea tu," nikasema. "Mwambie si wangu."

22 Machi

Mvua. Picha ya mto wa Nan bado iko upande wake wa ukuta. Mfuko mama yake ameuchukua.

27 Machi

Hakuna habari. Jenerali hajala tangu jana, amekaa chini kabisa pembeni. Nimebadilisha maji. Nikiamka usiku nasikiliza pumzi ambazo hazipo.

1 Aprili

Hakuna habari. Nimempigia mama yake, simu imelia mpaka ikakatika. Janelle anasema wape nafasi. Sijui nafasi ni heshima au ni ule mlango unaofungwa. Kesho nitapiga tena.

4 Aprili

Kochi limezama. Hakuna aliyeona. Asubuhi ulionekana mgongo wake tu, mchana hakuna kitu isipokuwa kamba iliyonyooka kuingia majini. Wyatt amefuta kalenda yote. Hakuna aliyeuliza nani kapatia.

Nilikaa dirishani mpaka jioni nikitazama maji meusi mahali palipokuwa na sebule yetu. Saa kumi na mbili simu ikatetemeka mezani, kando ya bakuli. Ujumbe kutoka namba ya Corinne. Niliogopa kuufungua, nikaufungua.

Ameandika: "Umekula?"

Kabla sijajibu ukaingia mwingine.

"Na yeye?"

Nimetupa punje tatu majini. Jenerali ametoka pembeni, ameizunguka moja, ameiacha, amerudi. Simu ninayo mkononi. Sitaandika ndiyo mpaka nione amemeza.